Daktari wa jicho moja aliyeonyesha kuwa saratani nayo huchagua udongo

Mwaka wa kwanza nilipohamia Nakuru kufundisha, mamangu aliniletea miche miwili ya mnazi kutoka Kilifi. Aliifunga kwa gunia bichi akaipakata ndani ya basi safari nzima. Nilikuwa nimepanga nyumba Bondeni. Si Bondeni ya Mombasa, ni Bondeni ya huku bara, mtaa mkongwe wa mji huu. Tuliipanda miche nyuma ya nyumba, tukaitilia samadi na maji kila jioni. Ilikaa mwaka na kitu. Ilipofika Julai ya pili, baridi ikakaza, majani yakageuka manjano, moyo ukaoza, na hadithi ikaishia hapo. Jirani yangu, mkulima wa ngano kule Njoro, alicheka sana. Mbegu haikuwa na ila, na mkono wa mamangu ni mkono wa baraka. Ni mahali tu palipokataa.

Nimeikumbuka miche ile mara nyingi kwa sababu ya mtoto wa dadangu. Miaka minane iliyopita, akiwa na umri wa miaka sita, alivimba shavu la kushoto huko kwetu Kilifi. Kila mtu alisema ni jino. Alipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, wakamng'oa meno mawili na kumpa dawa za maumivu. Wiki tatu baadaye shavu lilikuwa limejaa kama embe na jicho limeanza kusukumwa juu. Ndipo dadangu akakopa nauli, akampeleka hospitali kubwa Mombasa. Wakakata kipande kidogo cha nyama wakakipima. Jibu likaja na jina la kizungu: limfoma ya Burkitt.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Niliposhuka Mombasa kumwona, nilimuuliza daktari swali lililokuwa likinichoma. Wanangu walikuwa wa rika moja na mtoto yule, damu yetu moja, chakula chetu kimoja. Kwa nini huyu wa Kilifi, na si wale wa Nakuru? Daktari hakunijibu kwa neno moja. Aliniambia nikasome maisha ya mtu ambaye ugonjwa huo umepewa jina lake. Nimesoma. Leo nawaandikia watu wa kwetu nilichokipata, maana kinatuhusu sisi wa Pwani kuliko wengi.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa ndege. Aliwafunga pete miguuni ndege wadogo wa bustanini, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki eneo gani na mpaka wake uko wapi. Watu wachache duniani walikuwa wamewahi kufanya hivyo. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu mwana naye alikuja kuchora ramani, ila yake haikuwa ya ndege.

Akiwa na miaka kumi na mmoja, Denis alipigwa jiwe na watoto wenzake, akapoteza jicho la kulia. Akawekewa la kioo, akaishi nalo maisha yake yote. Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama babake. Huko imani ya Kikristo ikamshika kwa nguvu, akaona wito wake uko kwenye udaktari, akabadili masomo. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu kuwa mpasuaji huko Edinburgh.

Alipoomba kazi katika serikali ya kikoloni Afrika, alikataliwa. Mpasuaji wa jicho moja, walisema, hafai. Kumbe jina la ukoo wake halikuwa geni huku. Baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari aliyejulikana sana Nairobi, na walowezi walikuwa na visa vyake vingi vya kuwatibu wagonjwa wa homa kwa maji baridi. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, jeshi halikuwa na nafasi ya kuchagua macho. Mwaka 1941 Denis akaingia kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, akatumikia hapa Kenya, Somalia na baadaye Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na Mungu akawajalia mabinti watatu.

Vita vilipokwisha akaomba tena, na mwaka 1946 akakubaliwa kwenda Uganda. Zama hizo reli ya kutoka Mombasa kwenda Kampala ilipita hapa Nakuru, ikapanda nyanda za juu kisha ikateremka upande wa pili. Mtu akikaa dirishani kwenye garimoshi lile aliziona kwa macho yake nchi tatu ndani ya nchi moja: joto la Pwani, baridi ya Bonde la Ufa na milima yake, halafu tena joto la Ziwa Victoria. Shikeni picha hiyo, tutairudia.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko alipasua mabusha mengi. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa busha ni nini. Wazee wetu wameteseka nalo vya kutosha. Burkitt aligundua kwamba wagonjwa wa busha walitoka zaidi upande wa mashariki wa wilaya kuliko magharibi. Daktari mwingine angepasua na kuendelea na yake. Yeye alijiuliza kwa nini, akahesabu, akachora ramani, akaichapisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake. Mgonjwa akifika mbele yake, aliuliza anaumwa nini, kisha akauliza anatoka wapi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zote za mtoto huyo zilikuwa zimevimba, kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Uvimbe wa usaha hauji pande nne kwa pamoja, na saratani nayo kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja. Akitupa jicho dirishani, jicho lake hilo moja, alimwona msichana mdogo amekaa nje na mamake, uso umevimba vilevile. Alimpima akakuta uvimbe mwingine tumboni.

Wawili hao walimfungua macho. Alirudi Mulago akapekua majalada ya watoto waliokufa kwa uvimbe wa taya, wa figo, wa ini, wa mifuko ya mayai kwa wasichana. Vyote vilikuwa vimeandikwa kama magonjwa mbalimbali. Yeye akaona ni ugonjwa mmoja unaovaa nguo tofauti. Mwaka 1958 alichapisha habari hizo, na baadaye wanapatholojia wa Kampala walithibitisha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga zilizomo katika damu na tezi.

Hapa sharti tuwe wakweli. Ugonjwa haukuanza siku Mzungu alipouona. Akina mama wa Uganda na wa Pwani walikuwa wakizika watoto wenye taya zilizovimba kabla ya hapo. Hata Albert Cook, daktari wa misheni aliyefungua hospitali ya Mengo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa ameuchora uvimbe huo katika daftari zake. Alichofanya Burkitt ni kuviunganisha vipande, kisha kuuliza swali lake la siku zote: wanatoka wapi?

Alipewa ruzuku ya pauni 25. Kwa pesa hizo alichapisha picha za watoto wenye uvimbe ule pamoja na maswali machache, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Wanaona watoto kama hawa? Majibu yaliporudi alichomeka pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zikajipanga zenyewe. Zilifanya mkanda mpana katikati ya Afrika, kaskazini na kusini mwa ikweta, na mkia ulioshuka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji. Ndani ya mkanda huo mlikuwa na mapengo, mahali pasipo na pini hata moja.

Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwenda kuyatazama mapengo hayo. Alikuwa na wenzake wawili: Ted Williams, daktari wa misheni kutoka Kuluva karibu na Arua, ambaye pia alikuwa fundi hodari wa magari, na Cliff Nelson, naye daktari. Gari lao lilikuwa Ford kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walipita Tanganyika na nchi za kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, wakatembelea zaidi ya hospitali 50. Walikwenda takriban maili 10,000, sawa na kilomita 16,000. Kila walikofika walitoa picha zao wakauliza kama ugonjwa huu unaonekana hapo, na kama hauonekani, mwisho wake uko wapi. Dunia inatumia mamilioni ya dola kwa utafiti wa saratani, lakini safari hiyo nzima haikufikia pauni 700.

Waliporudi walikuwa na mpaka. Karibu na ikweta uvimbe haukuonekana juu ya futi 5,000, yaani kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini mpaka ulishuka, ukafika futi 3,000, kisha futi 1,000. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi hazikuwa nao. Nyanda za juu za Kenya nazo hazikuwa nao.

Sasa turudi Nakuru. Mji huu uko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Mimi na wanangu tuliishi juu ya mstari aliouchora Burkitt. Dadangu na mwanawe waliishi chini yake, mita chache tu kutoka kwenye maji ya bahari. Upande wa pili wa milima, Kisumu na sehemu za Nyanza zilizo kando ya ziwa, nako ni chini ya mstari. Zile nchi tatu nilizozitaja, anazoziona msafiri wa garimoshi, ndizo zilizokuwa kwenye ramani ya saratani: ipo, haipo, ipo tena.

Lakini urefu wa mlima haumdhuru mtoto wala haumkingi. Ni nini basi kilichojificha nyuma ya namba hizo? Aliyelifumbua ni Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe. Aliitazama ramani akasema kwamba urefu si kitu, kitu ni joto. Uvimbe ulikuwa ukionekana pale ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 60 za Farenhaiti, kama nyuzi 15 na nusu za Selsiasi, na mvua ya mwaka inazidi inchi 20. Joto na mvua, msomaji, unajua vinazaa nani. Vinazaa mbu. Usiku wa Nakuru mtu hulala na blanketi mbili, na mbu wa malaria hapati raha.

Mara ya kwanza wengi walidhani mbu ndiye anayebeba virusi vya saratani hiyo. Kabla ya safari ile, mnamo Machi 1961, Burkitt alikuwa amezungumza katika hospitali ya Middlesex, London. Kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, aliingia kumsikiliza na akatoka amewaka moto. Wakakubaliana Burkitt amtumie vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester. Kilipofika London, maji yake yalikuwa yametibuka, na mtu angedhani kimeoza. Kumbe zilikuwa seli za uvimbe zenyewe, zimejing'oa na kuelea zikiwa hai. Zikakuzwa, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Ndivyo vilivyopewa jina la Epstein-Barr, virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Watu wakashangilia kwamba mwizi amekamatwa. Kisha Marekani mume na mke, Werner na Gertrude Henle, wakapima damu za watu na kukuta virusi hivyo karibu kila mahali. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanavyo, wengi bila kujua. Bila shaka mimi ninavyo, na wewe unavyo. Watoto wa Nakuru wanavyo kama wa Kilifi. Havibebwi na mbu. Hupita kwa mate tu.

Nikifundisha habari hii darasani, hapo ndipo ninaponyamaza kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini. Kama mbegu iko kila mahali, kwa nini mmea unaota huku tu? Jibu ni udongo. Na udongo wenyewe ni malaria. Mwaka 1964 mtafiti Gilbert Dalldorf alionyesha kuwa uvimbe huu unafuata malaria kali, ile inayompata mtoto tena na tena mwaka mzima. Visiwa vya Unguja na Pemba, ambavyo kwa joto na mvua vingestahili kuwamo, vilionekana kuwa na nafuu. Huko kampeni ya kupambana na malaria ilikuwa imeshika kasi. Burkitt mwenyewe alilikubali wazo hilo na kulitetea. Na kule West Nile, Uganda, watafiti walichukua damu za watoto wapatao 42,000 katika miaka ya 1970 na kuwafuatilia. Wale waliokuja kuugua walikuwa wameshaonyesha dalili za kulemewa na virusi muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea.

Leo tunajua vizuri zaidi udongo huo unavyofanya kazi. Malaria inaporudi na kurudi, huzilazimisha chembe za kinga zizaane kwa haraka na kuzihariri jeni zake ili zitengeneze silaha mpya. Katika haraka hiyo makosa hutokea, na jeni moja ya ukuaji hukatwa na kubandikwa mahali isipostahili. Kwa kawaida seli iliyoharibika hivyo hujiua. Virusi huizuia isife. Na walinzi wanaopaswa kuviweka virusi chini ya ulinzi wamechoshwa na malaria ileile.

Wazo hili la udongo halikuanza na Burkitt. Mwaka 1889 mpasuaji wa London, Stephen Paget, alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kuwa saratani ilihamia ini na mifupa mara nyingi, lakini bandama mara chache, ingawa damu inafika kote. Kama kuenea kungekuwa bahati nasibu tu, bandama ingepata fungu lake. Akasema saratani inavyosambaa mwilini ni kama mmea unaomwaga mbegu: zinapeperushwa kila upande, lakini zinaota tu zinapoangukia udongo unaozifaa. Kwa miongo mingi wenzake hawakumjali sana.

Siku hizi maabara zimemjali. Seli zinazong'oka kwenye uvimbe na kuingia damuni ni nyingi mno, na karibu zote hufa njiani. Chache zinazotua mahali huhitaji wenyeji wa kuzikaribisha: mishipa ya damu ya kuzilisha, nyuzi za kuzishika, hata chembe za kinga zilizorubuniwa zikaacha kulinda na kuanza kuhudumia. Katika mfupa, seli za saratani huufanya mfupa umeng'enywe, na mfupa unapomeng'enywa humwaga viini vya ukuaji vinavyozinenepesha seli zilezile. Mwenyeji analishwa kwa mgeni mpaka anakwisha.

Hata uvimbe wa Burkitt una udongo wake ndani ya mwili. Huipenda taya ya mtoto katika umri ambao magego ya kudumu yanajijenga ndani yake, mahali penye damu nyingi na ukuaji wa kasi. Kwa hiyo watu hudhani ni jino. Mtoto wa dadangu aling'olewa meno mawili kwa sababu saratani ilikuwa imejenga kwenye kiwanda cha meno.

Burkitt hakuishia kwenye ramani. Upasuaji haukufaa kitu kwa taya zile, na hakuwa na mashine ya mionzi. Alipata dawa za saratani, ambazo wakati huo zilikuwa bado changa, akawapa watoto kwa vipimo vidogo. Uvimbe uliokuwa ukijizidisha mara mbili kwa siku moja au mbili uliyeyuka mbele ya macho ya watu. Nairobi, mpasuaji Peter Clifford alikuwa akifanya kazi ya namna hiyohiyo. Baadhi ya watoto walirudi nyumbani wakakua. Hapa Afrika Mashariki, katika wodi zisizo na vifaa, ulimwengu ulipata moja ya dalili za kwanza kwamba kuna saratani inayoweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Mwaka 1966 aliondoka Uganda baada ya miaka ishirini. Akiwa London aliendelea kuwaandikia madaktari wa hospitali za vijijini, akiomba hesabu za saratani wanazoziona. Ramani za kazi hiyo zilionyesha, kwa mfano, kwamba saratani ya koo la chakula ilikuwa nyingi sana sehemu za Kisumu na adimu kwingine. Hilo linatugusa watu wa Bonde la Ufa. Nyanda za juu zina afueni ya uvimbe wa Burkitt, lakini hazina afueni ya kila kitu. Kule Bomet saratani ya koo imekuwa msiba wa miaka mingi. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinaisababisha. Nimewaona wazee wa huku wakinywa chai ikiwa bado inatokota. Kila udongo una magugu yake.

Umri wake wa baadaye Burkitt aliutumia kuhubiri chakula. Aliona kuwa magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza, saratani ya utumbo mpana ikiwemo, hakuwa akiyaona Mulago. Akasema tofauti ni nyuzinyuzi. Uji wa wimbi, ugali wa unga usiokobolewa, kunde, mbaazi na mboga hupita tumboni haraka na kuacha utumbo safi. Alikwenda vijijini akipima uzito wa choo cha watu, jambo lililowachekesha wengi, naye mwenyewe akicheka nao. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana naye kwa kila jambo, lakini ushauri wa kula nafaka nzima umebaki hadi leo. Nasi Pwani tulioacha mkate wa mofa tukahamia mikate myeupe na mahamri asubuhi hadi jioni tujiulize. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82.

Nina lawama moja, na si kwake peke yake. Ugonjwa una jina lake, virusi vina majina ya wengine wawili, lakini wauguzi na wasaidizi wa hospitali zile za vijijini waliozijibu barua na kuzijaza ramani pini, hakuna anayewajua. Wala wazazi walioruhusu watoto wao wapigwe picha. Elimu hiyo ilitoka kwao. Inatupasa nasi tuinufaike.

Mtoto wa dadangu alitibiwa miezi kadhaa. Nywele zilidondoka, alikonda, tukakesha. Leo ana miaka kumi na minne, anacheza mpira, na kovu la shavuni anawaambia wenzake ni la shoka. Katika nchi tajiri watoto takriban tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa na kukatiza dawa nauli inapokwisha.

Kwa hiyo nasema hivi. Mtoto akivimba shavu au tumbo na uvimbe ukaongezeka ndani ya siku, usikubali jambo liishie kwenye kung'oa jino. Omba apimwe, na umpeleke hospitali kubwa juma hilohilo. La pili, chandarua si kinga ya homa tu. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019 nayo si ya homa tu. Virusi hatuwezi kuvifuta, tunaishi navyo. Udongo tunaweza kuubadilisha.

Na nyinyi wenzangu wa nyanda za juu msijione mmepona kwa sababu ya baridi. Burkitt na wenzake waliona kuwa watu waliotoka milimani wakahamia mabondeni kwenye malaria waliugua hata wakiwa wakubwa kuliko watoto wa kule, kwa sababu miili yao haikuwa imeizoea. Nakuru ni mji wa wahamaji. Likizo ya Desemba tunateremka na watoto Kilifi, Kisumu na Baringo. Mkifungasha nguo, fungasheni na vyandarua.

Mamangu hajaacha kuuliza habari za ile minazi. Nimemwambia mara hii aniletee mbegu za mchicha.